Mikoko Niliyoipanda kwa Kompyuta

Setilaiti haikukosea. Naandika hivi leo kwa sababu nimechoka kuitwisha mzigo mashine isiyo na mdomo wa kujitetea. Kwa msimu mzima wa mpunga, tangu watu wa kijiji cha Maparoni walipopandikiza miche hadi suke la mwisho lilipokatwa, nilimwambia kila aliyeniuliza kwamba picha ya kutoka angani ndiyo iliyoligeuza shamba la mama mmoja kuwa msitu wa mikoko. Nilimwambia mkuu wangu wa kitengo. Nilimwambia mwenyekiti wa kijiji. Nilimwambia mwenye shamba mwenyewe, suruali yangu ikiwa bado inachuruzika maji ya shamba lake. Ripoti iliyoko kabatini, ofisini kwetu Kibiti, bado inasema "kasoro za taswira", na hakuna aliyejisumbua kuirekebisha. Kasoro ilikuwa mimi.

Kazi yangu wakati huo ilikuwa kutengeneza ramani ya matumizi ya ardhi ya vijiji vya delta, pale mto unapogawanyika kuingia baharini. Nilikuwa nimesomea chuo kikuu mambo hayo, na kama wasomi wengi niliamini kwamba jambo likishakuwa na jina gumu basi limekuwa kweli. Jina gumu la kazi yangu lilikuwa data za rasta. Shangazi yangu, kila nilipolitaja, aliwaambia majirani kwamba serikali imeniajiri kusuka nywele, na kwa kweli maelezo yake yalieleweka haraka kuliko yangu.

Lakini jambo lenyewe ni rahisi. Chukua picha ya delta iliyopigwa kutoka juu, uikate vipande vidogo vya mraba vinavyolingana, kama kashata kwenye sinia. Kila kipande, ambacho sisi tunakiita pikseli, kinapewa namba moja. Moja ni maji, mbili ni mikoko, tatu ni mpunga, nne ni makazi. Kisha kila namba inapewa rangi yake, na hapo una ramani. Kipande hakiruhusiwi kusema, "Mimi ni nusu hiki na nusu kile." Lazima kichague.

Tatizo ni kwamba Maparoni hawachagui. Mtu analima mpunga kandokando ya mkondo, anaacha mikoko miwili mitatu ishike ukingo usimomonyoke, mmoja anaufungia kamba, mwingine anaupenda tu. Ukitazama kutoka juu, shamba linaonekana kama mtu aliyevaa shati la njano akamwagikiwa na mchicha. Kwa hiyo ramani yangu ya kwanza ilitoka na vidoadoa vya kijani ndani ya njano, na vya njano ndani ya kijani, maelfu yake, delta nzima.

Mkuu wangu aliitazama kwa muda mrefu. Alikuwa mtu nadhifu, wa mashati yenye mikunjo inayoweza kukata nyanya.

"Dada," akasema, "hii ramani ina upele."

"Huo ndio uhalisia wa kule, bosi."

"Basi uhalisia una upele. Utoe kabla hatujachapisha."

Dawa ya upele ipo, na ni halali. Ni kichujio kinachoiendea kila pikseli, kinatazama majirani zake, kinahesabu wengi ni wa rangi gani, kisha kinaigeuza ifanane nao. Wengi wape, ndivyo kompyuta inavyofanya. Nilikipitisha mara ya kwanza, majirani wanane kwa kila pikseli, na vidoadoa vikapungua. Hapo ingetosha. Mwalimu wangu yeyote angesema ingetosha. Lakini niliona mabaka machache yamebaki, nikaongeza majirani wakawa ishirini na wanne, nikakipitisha tena. Ramani ikawa na mawimbi laini ya kijani na njano, kama khanga iliyotoka dukani. Mara ya tatu sikuwa na sababu yoyote ya kitaalamu. Nilikuwa naongeza sukari kwenye chai iliyokwisha kuwa tamu, kwa sababu kijiko kilikuwa mkononi.

Na sasa nifike kwenye ungamo lenyewe. Upande wa Maparoni kulikuwa na utepe mwembamba wa njano, umefuata mkondo, upana wake pikseli mbili tu. Shamba refu jembamba, kama yalivyo mengi ya kule. Ukiwa na upana wa pikseli mbili na majirani ishirini na wanne, kura huzipati. Utepe ulifutika mbele ya macho yangu. Sisemi kwamba sikuuona ukifutika. Niliuona. Nikafikiri ramani imependeza zaidi bila huo.

Ramani ikachapishwa, ikatiwa plastiki, ikatundikwa ukutani ofisini Kibiti. Nakala ikapelekwa vijijini ibandikwe kwenye milango ya ofisi za watendaji, watu waitazame na kutoa maoni kabla ya mkutano mkuu wa kijiji. Na hapa ndipo rangi ilipokuwa na meno. Njano maana yake endelea kulima. Kijani maana yake mikoko, na mikoko ni hifadhi: hakuna jembe, hakuna panga, hakuna maelezo. Mkutano ukishaikubali ramani na muhuri ukapigwa, kidoa cha rangi ndiyo sheria.

Baada ya wiki kadhaa mtendaji wa Maparoni alipiga simu. Kuna mama, akasema, amesimama mbele ya mlango wake asubuhi nzima, anasema shamba lake halimo.

"Setilaiti ndivyo ilivyoona," nikajibu.

Sikupanga kusema hivyo. Lilitoka lenyewe, na likafanya kazi vizuri mno. Mtendaji alishukuru kwa heshima. Nani atabishana na kitu kinachokaa juu ya mawingu? Ungesema ni mtaalamu amekosea, watu wangekuja na mapanga ya maneno. Ukisema setilaiti, wanaangalia juu, wanashusha pumzi, wanarudi nyumbani. Nililitumia neno lile kama mganga anavyolitumia jini: halionekani, halihojiwi, na makosa yote ni yake.

Ila yule mama hakurudi nyumbani. Alituma ujumbe mara ya pili, na ya tatu, na mpunga ulipoanza kutia maziwa mkuu akaniambia niende mwenyewe nikahakiki. Nikapanda boti bandari ya Nyamisati nikiwa na ramani ndani ya bomba la plastiki na kifaa cha kuonyesha mahali nilipo, kimening'inia shingoni kama hirizi. Nahodha aliniangalia hadi tulipoingia kwenye mkondo.

"Wewe ndiye uliyepanda mikoko kwenye shamba la watu?" akauliza.

"Si mimi. Ni setilaiti."

"Ahaa." Akapunguza injini, akafikiri. "Ina jembe?"

Abiria wengine walikuwa watu wenye adabu. Walicheka wakitazama maji.

Shamba nililifikia kwa kupita ndani yake, maji magotini, mpunga ukinikwaruza mapajani. Nilitazama kifaa changu. Kwa mujibu wa ramani nilikuwa katikati ya msitu mnene. Karibu yangu kulikuwa na mkoko mmoja, na hata huo ulionekana umekaribishwa tu. Mbele kidogo lilisimama dungu, kile kibanda cha miguu mirefu ambamo watu wa delta hukaa wakati wa mpunga, na juu yake ameketi mama wa miaka kama sitini na kitu, anasuka ukili, ule utepe wa ukindu wa kushonea mkeka, huku anaamia ndege. Kando yake palikuwa na kamba. Kila baada ya muda aliivuta, na makopo matupu yakalia upande wa pili wa shamba, na kundi la ndege likaruka likilalamika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Panda, lakini shika ngazi vizuri. Usije ukaanguka halafu ukasema setilaiti imekusukuma."

Habari zangu zilikuwa zimefika kabla yangu. Nikapanda, nikakaa, nikatoa maneno niliyoyaandaa ndani ya boti kuhusu mionzi na unyevu na jinsi mpunga wenye maji chini yake unavyoweza kufanana na mikoko michanga. Yote yalikuwa kweli kwa mahali pengine. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kusuka. Kisha akafunua sufuria, akapakua wali kwenye sahani, akaweka kamba wa nazi juu yake, akanisogezea.

"Kula mikoko, mwanangu," akasema. "Hii ni ya mwaka jana. Ya mwaka huu bado haijaiva."

Nilikula mikoko. Ilikuwa na harufu nzuri ya mchele wa kule, na nilikula ya kutosha kwa mtu asiyeamini kwamba ipo. Yeye akaendelea kuzungumza, bila kupandisha sauti.

"Wanangu wana mashamba yao huko Dimani. Bara. Wanasema, mama njoo tukulishe. Sikukataa kulishwa, lakini mtu akikulisha anakuchagulia na chumvi. Mimi nina hili tu. Mkilipiga muhuri kuwa msitu, siku nikishika jembe mnaniita mhalifu, kwa umri huu, mbele ya wakwe zangu."

"Hatujafika huko, mama."

"Mtafika. Kibiti si mbali." Akavuta kamba, makopo yakalia. "Hebu nionyeshe hiyo ramani."

Nikaikunjua sakafuni. Alitarajia nini sijui, ila mimi nilitarajia aulize nyumba yake iko wapi, kama watu wote wanavyouliza. Hakuuliza. Aliinama, akaisogeza karibu na jicho, akapitisha kidole kwenye ukingo wa kijani.

"Hii imesukwa," akasema.

"Imechorwa na kompyuta, mama."

"Hapana. Tazama. Ina miraba midogo. Kila chane za ukindu zinapopishana, rangi moja. Ndivyo na mimi ninavyofanya hapa." Akaniwekea ukili wake kando ya ramani. Kwa kweli, katika miaka yote ya chuo, hakuna aliyewahi kunieleza rasta vizuri namna hiyo. "Sasa mimi nikitia ua la rangi, ukingo wake unakuwa na meno. Hauwezi kuwa laini, kwa sababu chane hazikati kona. Na mikoko ndiyo kabisa, haioti kwa mstari. Inatoa ulimi hapa, inaruka pale, mmoja unasimama peke yake kama mgomvi. Lakini hii yenu imevimba kama maandazi. Hakuna hata mti mmoja uliobaki peke yake delta nzima?"

Nikajifanya natafuta kalamu mfukoni.

"Kuna mtu ameipiga pasi hii," akasema. "Nani?"

Niliwatazama ndege. Walikuwa wametua tena, wadogo, wekundu, wanakula kwa bidii. Nilikuwa na nafasi nzuri kabisa. Tulikuwa wawili, hakuna shahidi, tumbo langu limejaa wali wake. Neno moja lingetosha.

"Setilaiti," nikasema.

Akavuta kamba. Makopo yakalia, ndege wote wakaruka.

"Hao wamekubali," akasema. "Mimi bado."

Nilirudi Kibiti na mpango wa ujanja. Nilikuwa bado nina faili la mwanzo, lile la kabla ya pasi. Lilikaa kwenye kompyuta yangu chini ya jina "mwisho_kweli", mbele ya "mwisho_kweli_2" na "mwisho_kabisa_hii". Nilipolifungua, utepe wa njano ulikuwapo, mwembamba, umefuata mkondo, una vidoadoa vya kijani mahali pale pale mikoko yake ilipo. Nikaona hata ule mkoko nilioupita nikiwa majini. Kazi iliyobaki ilikuwa ya dakika tano: kuirudisha sehemu ile, kuchapisha upya, kubadilisha ramani kimyakimya, na kuendelea kuwa mtaalamu.

"Bosi, tuichape upya ile ramani."

"Kwa nini?"

"Wino."

Akageuka akaitazama ukutani. Iling'aa. "Wino una shida gani?"

"Unaweza kuchujuka."

"Tumeitia plastiki, dada."

Basi nikaandika ripoti. Nilijua siwezi kuandika "nililainisha kupita kiasi", kwa hiyo nikaandika kwamba shamba halikuonekana kutokana na kasoro za taswira, nikapamba kwa unyevu na mionzi, nikapendekeza lifanyiwe marekebisho. Mkuu aliisoma mara mbili. Aliipenda. Alisema ni ripoti safi kuliko zote nilizowahi kumwandikia.

"Umenishawishi," akasema. "Kama kosa ni la picha, hatuwezi kurekebisha kwa kubahatisha. Tunahitaji picha mpya."

"Picha mpya?"

"Yenye mpunga shambani. Lakini sasa hivi mawingu ya masika yamefunika kila kitu, na yakiondoka watakuwa wameshavuna, patakuwa na mabua tu. Kwa hiyo ni msimu ujao. Mkutano tunaendelea nao kama ulivyopangwa. Kule kwenye shaka, pabaki kama palivyo kwenye ramani."

Pabaki kijani, maana yake. Nilikaa na ripoti yangu safi mkononi, nikaelewa nilichofanya. Kama kosa lingekuwa langu, dawa yake ilikuwa dakika tano. Kwa kuwa nilikuwa nimeshathibitisha kwa maandishi, na kwa ufasaha, kwamba kosa ni la setilaiti, dawa yake ilikuwa mwaka mzima na muhuri katikati. Ningeweza kumwambia pale pale. Alikuwa amekaa, nimekaa, mlango umefungwa. Badala yake nikamshukuru kwa kuisifu ripoti.

Wiki za mavuno zikapita. Siku ya mkutano ilipofika nikaumwa tumbo. Mkuu akaenda Maparoni mwenyewe na ramani yake ndani ya bomba. Nikabaki ofisini, nikafungua faili la mwanzo kwenye kioo cha kompyuta, sijui kwa nini, labda kama mtu anavyofungua kidonda kuangalia kama kimekauka.

Saa tano asubuhi simu ikaita. Ilikuwa namba ya mkuu.

"Dada, tumbo vipi?"

"Linaendelea, bosi. Usiku wote limenisokota—"

"Pole. Nimekuweka kwenye spika. Kijiji kizima kinakusikia, kwa hiyo tuache habari za tumbo."

Nikasikia watu wengi wakicheka kwa pamoja, na mtoto mmoja akilia. Mkuu akaendelea kwa sauti yake ya mikutano. "Nimewaeleza vizuri kabisa kuhusu kasoro za taswira. Wengi wameelewa. Kuna mama mmoja anasema hapigi kura mpaka azungumze na wewe."

Simu ikasogezwa. Nikasikia pumzi, kisha sauti ile isiyopanda.

"Hujambo mwanangu."

"Sijambo. Shikamoo mama."

"Marahaba. Nina swali moja tu, na sitaki la kitaalamu. Hii picha ilipotoka huko juu, siku ile ya kwanza, kabla mtu hajaigusa, shamba langu lilikuwamo au halikuwamo?"

Nilitafuta mahali pa kupitia, sikupaona. Mionzi haikuwa na nafasi kwenye swali lile, wala unyevu. Kwenye kioo mbele yangu utepe wa njano ulikuwa unanitazama, na kwenye droo yangu kulikuwa na mkataba wa kazi uliokuwa unakaribia kuisha na kuhitaji saini ya mkuu, mwenye simu ile.

"Lilikuwamo," nikasema.

Nikasikia viti vikisogezwa karibu na simu.

"Likatoka vipi?"

"Nililitoa mimi. Nililainisha ramani."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Mara tatu?" Hiyo ilikuwa sauti ya mkuu, kutoka mbali kidogo, na haikuwa ya mikutano. "Mimi nilisema upele tu."

"Na setilaiti?" akauliza mama.

"Setilaiti iliona vizuri."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Ameimwagia mbolea mikoko mara tatu," na mwingine akamnyamazisha huku naye anacheka. Nilisubiri. Nilitarajia matusi, na nilikuwa nimeshayakubali. Badala yake nikasikia mwenyekiti akikohoa, akivuta simu.

"Mtaalamu, hiyo ya kabla ya kuguswa, unayo?"

"Ninayo hapa, mwenyekiti. Nimeifungua."

"Shamba linaonekana?"

"Linaonekana. Jembamba, limefuata mkondo. Na mikoko yake ndani."

"Mingapi?" akauliza mama, haraka.

Nikasogeza uso kwenye kioo, nikahesabu vidoa. "Naona saba."

Nikamsikia akinong'ona, anahesabu.

"Iko tisa," akasema. "Lakini miwili ni midogo. Sawa. Mwenyekiti, hiyo ndiyo picha yangu."

Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Hakuna aliyesema. Akamwambia mkuu akunje ramani yake ya plastiki airudishe Kibiti, na kwamba kijiji hakipigi muhuri mpaka ije ile nyingine, isiyopigwa pasi. Kisha akasema, "Mtendaji, andika."

Hakuna aliyekumbuka kukata simu, na mimi sikuthubutu. Nilisikia karatasi ikigeuzwa, halafu sauti ya mtendaji akisoma polepole kile alichokuwa anakiandika: kando ya mkondo, shamba la mpunga, mwenyewe yupo.